Enron: ukuta wa kampuni ulivyogeuzwa pazia

Tarehe 28 Juni 1999 bodi ya wakurugenzi ya Enron, kampuni ya nishati ya kule Houston, Texas iliyokuja kuanguka 2001 kwa kashfa ya hesabu, ilikaa kikao ikapitisha jambo ambalo mpaka leo nikilisoma nashindwa kuendelea na ukurasa unaofuata. Mkurugenzi wa fedha wa kampuni, Andrew Fastow, alikuwa anaomba ruhusa ya kuwa na biashara yake ya pembeni, mfuko wa uwekezaji, na kazi ya huo mfuko ingekuwa kufanya dili na Enron yenyewe. Yaani mtu huyohuyo, upande mmoja wa meza anatafuta faida yake kutoka Enron, upande wa pili analipwa mshahara na Enron ili alinde pesa za Enron. Kanuni za maadili za kampuni zilikataza kitu cha namna hiyo mpaka mwenyekiti aridhie kwamba hakitaiumiza kampuni, mwenyekiti Kenneth Lay akaridhia, bodi ikapitisha, maisha yakaendelea. Hakuna aliyevunja mlango wala aliyeghushi saini, mambo yote yaliingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Nimeanzia hapo makusudi kwa sababu watu wengi wakisikia jina Enron wanasema "ah wale wezi" halafu mjadala umefungwa, na kwa mtu ndo kwanza anaanza kusoma mambo ya biashara hiyo ni hasara, maana karibu kila kitu unachofundishwa wiki za mwanzo kimo humu, ubia, kampuni, hisa, bodi, mkaguzi, na kila kimoja kilitumika kinyume na kilivyokusudiwa.

Turudi nyuma kidogo kwenye aina za biashara. Ukifanya biashara peke yako bila kusajili kampuni, wewe na biashara ni kitu kimoja, ikidaiwa unadaiwa wewe mpaka nyumba unayolala. Mkiwa wawili watatu mkaungana ni ubia, na ubia wa kawaida ni mgumu zaidi kuliko watu wanavyodhani, maana mwenzako akiharibu, mdai anaweza kuja kwako akadai deni lote, hata kama siku hiyo ulikuwa safarini na hukujua chochote. Kampuni ndo ikaja kutibu hilo. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, ina jina lake, mali zake, madeni yake, inashtaki na kushtakiwa, na mwenye hisa akishalipa hisa zake hasara yake inaishia hapo. Kuna ukuta kati ya mfuko wake na madeni ya kampuni, na ukuta huu ndo umewezesha mamilioni ya watu wasiojuana kuweka pesa kwenye biashara moja kubwa bila kukosa usingizi.

Ila ukuta haukutolewa bure, na hapa ndo msimamo wangu kwenye kisa hiki ulipo. Anayeidai kampuni hawezi kumfuata mwenye hisa nyumbani, anategemea kilichomo ndani ya kampuni tu, kwa hiyo ni lazima aonyeshwe kilichomo ndani. Ndo maana kampuni iliyoko soko la hisa inatakiwa itoe hesabu, zikaguliwe na mtu wa nje, na madeni yaonekane. Kinga inalipiwa kwa uwazi. Enron walichukua ile kinga yote, wakajijengea kuta zingine nyingi kwa ndani, halafu wakaficha madeni nyuma yake. Ukiielewa hiyo, habari nyingine yote inajipanga yenyewe.

Enron ilizaliwa 1985 kwa kuungana kampuni mbili za mabomba ya gesi, Houston Natural Gas na InterNorth ya Omaha. Biashara ya mabomba ni ya kueleweka, una bomba, gesi inapita, unalipwa, faida ya kawaida. Baadaye serikali ikalegeza udhibiti wa bei za gesi, bei zikaanza kupanda na kushuka, na hapo akaingia Jeffrey Skilling, aliyetokea kampuni ya ushauri ya McKinsey, na wazo ambalo kusema kweli lilikuwa zuri: Enron iwe katikati, inunue gesi kwa wazalishaji kwa mikataba ya muda mrefu na kuwauzia watumiaji kwa bei iliyofungwa, kila upande ujue miaka kadhaa mbele atalipa au kulipwa kiasi gani. Wateja walilihitaji hilo kweli, tusiwanyime haki yao.

Tatizo likaanza kwenye namna ya kuandika faida. Januari 1992 SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, iliiruhusu Enron itumie kwenye biashara yake ya gesi mfumo wa kuthamini mikataba kwa bei ya soko. Kwa lugha nyepesi iko hivi, leo nasaini mkataba wa miaka 20, napiga hesabu nitavuna kiasi gani miaka yote hiyo, nakipunguza mpaka thamani yake ya leo, maana pesa ya miaka ijayo si sawa na ya leo, halafu nakiandika chote kama faida ya leo. Kwa hisa zinazouzwa kila siku sokoni mfumo huu hauna shida, bei iko wazi kila mtu anaiona. Kwa mkataba wa umeme wa miaka 20 bei ya mwaka wa 15 iko wapi? Iko kichwani mwa anayepiga hesabu, na anayepiga hesabu bonasi yake inategemea hiyo hesabu.

Mfano mmoja unatosha. Julai 2000 Enron ikatangaza mkataba wa miaka 20 na Blockbuster, wale wa kukodisha filamu, wawapelekee watu filamu nyumbani kwa intaneti. Kitu chenyewe kilikuwa bado majaribio, nyumba chache kwenye miji michache, na mwezi Machi 2001 mkataba ukafa. Kwenye vitabu Enron ilikuwa imeshaandika faida zaidi ya dola milioni 110 kutokana na huo mradi. Keshi haikuwepo.

Na mfumo huu una kitanzi ambacho mwanafunzi akikielewa mapema kitamsaidia maisha yake yote. Ukila faida ya miaka 20 leo, kesho huna cha kula, robo mwaka ijayo unaanza sifuri na soko linategemea upande juu ya pale ulipoishia, kwa hiyo unatafuta dili kubwa zaidi, na kubwa zaidi, huku mishahara, riba na mitambo vinalipwa kwa keshi ambayo hujaipata. Unakopa. Ukikopa sana madeni yanaonekana kwenye mizania, ile hesabu ya mali na madeni ya kampuni, wanaokadiria uwezo wako wa kulipa wanakushusha daraja, na kampuni inayofanya biashara ya mikataba ikishushwa daraja imekwisha, nani atasaini mkataba wa miaka 10 na mtu asiyejulikana kama atafika? Kwa hiyo ukija kwenye vile vikampuni vya pembeni vilivyoficha madeni ujue havikuanzishwa kwa ajili ya ulafi wa Fastow tu, ulikuwepo lakini ulikuja juu yake. Vilianza kwa sababu Enron ilihitaji kukopa bila kuonekana inakopa.

Vikampuni vyenyewe ni vile vya kazi maalum. Unasajili chombo kipya, unakihamishia mali fulani, kinakopa kwa jina lake. Hapo hakuna kosa, mabenki na mashirika ya ndege wanafanya kila siku kununua ndege moja moja. Kanuni ya uhasibu ya Marekani wakati ule ilisema hivi: kama mwekezaji wa nje kabisa, asiye na uhusiano na wewe, ameweka angalau asilimia 3 ya thamani ya mali za hicho chombo kwa pesa yake iliyo kwenye hatari kweli, na yeye ndo anakiongoza, basi madeni ya hicho chombo huyaingizi kwenye mizania yako. Soma tena, asilimia 3, zile 97 zinaweza kuwa mkopo. Na Enron hata hiyo 3 iliwashinda.

Mwaka 1993 Enron na CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa California, walianzisha ubia unaoitwa JEDI, kila mmoja milioni 250. Ubia wa kweli, mwenzako ni mfuko mkubwa unaojitegemea. Mwaka 1997 Enron wakataka CalPERS atoke ili aingie kwenye ubia mwingine mkubwa zaidi, na nafasi yake ikabidi ijazwe na mtu wa nje, la sivyo madeni ya JEDI yote yanarudi kwenye mizania ya Enron. Wakaunda chombo kinaitwa Chewco cha kununua ile sehemu kwa dola milioni 383, na anayekiongoza ni Michael Kopper, mfanyakazi wa Enron aliye chini ya Fastow. Yaani "mtu wa nje" alikuwa anakaa ofisi ya ndani. Ile asilimia 3 nayo ilitakiwa kama dola milioni 11 na kitu, ikatoka benki kwa namna ya mkopo, na benki ikataka iwekewe akiba ya milioni 6.6 kama dhamana, akiba ambayo ilitokana na pesa za JEDI yenyewe. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya pesa iliyotakiwa kuwa ya mtu wa nje, iliyo kwenye hatari, haikuwa na hatari yoyote. Kwa kanuni Chewco ilikuwa ya Enron tangu siku ya kwanza, na JEDI pia. Kopper na mwenzi wake waliweka dola 125,000, wakaja kuondoka na zaidi ya milioni 10.

Sasa LJM, ule mfuko uliopitishwa na bodi pale mwanzo. Jina lake ni herufi za kwanza za majina ya mke wa Fastow na watoto wake wawili. Aina yake ni ubia wa kikomo, na aina hii inafundishwa harakaharaka sana kwenye madarasa: kuna mbia mkuu anayeendesha kila kitu, na kuna wabia wa kikomo wanaoleta pesa ila hawaendeshi, hasara yao inaishia kwenye walichoweka. Fastow kupitia vyombo vyake alikuwa mbia mkuu akaweka milioni 1, wabia wawili wa kikomo wakaweka milioni 15, na Enron yenyewe ikachangia hisa zake.

Kazi ya kwanza ilikuwa hisa za Rhythms NetConnections. Enron iliweka milioni 10 kwenye hiyo kampuni ya intaneti mwaka 1998, mwaka uliofuata ikaingia sokoni, na kufikia Mei 1999 zile hisa zilikuwa na thamani ya kama milioni 300. Raha, na kwa mfumo wao ile faida yote imeshaandikwa, ila hawakuruhusiwa kuuza mpaka mwisho wa mwaka. Bei ikishuka, faida iliyoandikwa inageuka hasara. Walihitaji kinga ya bei, yaani mtu wa kuwafidia bei ikishuka, na nje hapakuwa na mtu wa kuwapa kinga kubwa namna ile kwa hisa za kampuni changa. Kwa hiyo wakakingiwa na LJM. Na LJM, kama Rhythms ikianguka, italipa kwa kitu gani? Kwa hisa za Enron ilizopewa na Enron. Yaani umejikatia bima kwako mwenyewe, nyumba ikiungua unatoa pesa mfuko wa kulia unaweka wa kushoto halafu unaandika kwamba hukupata hasara.

Mwaka 2000 wakalifanya hilo kwa ukubwa zaidi na LJM2, mfuko wa pili wa Fastow, kwa vyombo vinne walivyoviita Raptor, kuficha hasara za uwekezaji mwingine. Ndani ya kama mwaka mmoja hasara ya karibu dola bilioni 1 haikuonekana kwenye matokeo ya Enron. Mkataba wa Raptor ya kwanza ulikuwa na sharti moja linaloeleza kila kitu, kwamba hicho chombo hakitaanza kutoa kinga mpaka LJM2 iwe imeshapata faida yake kwanza. LJM2 iliweka milioni 30, ndani ya miezi michache ikarudishiwa milioni 41, ndo kinga ikaanza. Mtoa bima ameshavuna na ameshatoa mtaji wake kabla bima haijaanza, sasa nani anabeba hatari? Hakuna mtu, yaani Enron. Hisa za Enron zenyewe ndo zilikuwa nguzo pekee iliyobaki, zikishuka pamoja na zile mali zilizokingiwa basi vyote vinaanguka siku moja.

Mimi huwa nafikiria sana wale wafanyakazi wa kawaida wa Enron waliotumwa kujadiliana bei na LJM. Mbele yako yuko mtu anayewakilisha mfuko wa bosi wako. Bosi wako ana sauti kwenye tathmini yako ya kazi, na Enron walikuwa na utaratibu wa kupanga watu madaraja kila kipindi, wa daraja la chini kabisa wanaonyeshwa mlango. Utabana bei upande gani? Mgongano wa maslahi watu wanaudhani ni jambo la moyoni, kwamba kama mtu ni mwaminifu basi hakuna shida. Shida iko kwenye kiti. Hata malaika akikalishwa pale, wale walio chini yake watampendelea bila yeye kuomba.

Bodi je? Hii ndo sehemu inayoniumiza kuliko ya Fastow. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi alikuwa profesa wa uhasibu na aliwahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Stanford, kwa hiyo usiniambie hawakuelewa hesabu. Waliweka masharti, kwamba dili za LJM zipitiwe na viongozi fulani, kamati iziangalie mara moja kwa mwaka, lakini mapitio yenyewe yalikuwa ya juujuu na hawakudai kujua kwa kina Fastow anaingiza kiasi gani mpaka Oktoba 2001 magazeti yalipoandika. Uchunguzi ulioongozwa na William Powers, ripoti yake ikatoka Februari 2002, ukakuta alikuwa ameingiza zaidi ya dola milioni 30. Na kampuni hiyohiyo Julai 2000 ilikuwa imetoa kijitabu cha kanuni za maadili cha kurasa 64 chenye utangulizi wa Lay, heshima, uadilifu, mawasiliano, ubora. Kijitabu kilikuwa kizuri, watu wanakicheka bure. Kosa ni kwamba kanuni ilikuwa na mlango wa kuombea ruhusa na mlango ukafunguliwa kwa mtu wa mwisho aliyestahili kufunguliwa, anayeshika pesa.

Baada ya bodi anakuja mkaguzi, Arthur Andersen, waliokuwepo tangu 1913 kule Chicago, na jina lao kwa miaka mingi lilimaanisha mkaguzi anayekataa. Mwaka 2000 Enron iliwalipa dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa ushauri na kazi zingine. Mkaguzi anayepata zaidi kwa kumshauri mteja kuliko kumkagua, kumwambia "hapana" kunamgharimu mara mbili. Februari 2001 wakubwa wa Andersen walikaa kikao kujadili kama waendelee na Enron, wakazijadili LJM na ule mgongano wa Fastow, wakaona hatari, na kwenye kumbukumbu za hicho kikao imo hoja kwamba malipo kutoka kwa mteja huyu yanaweza kufika milioni 100 kwa mwaka. Wakaamua kuendelea. Mtaalamu wao mmoja wa viwango vya uhasibu aliyekuwa anapinga baadhi ya hesabu za Enron akaondolewa kwenye kazi za Enron, baada ya Enron kulalamika.

Andersen haikuwa kampuni ya hisa, ilikuwa ubia. Kwenye ubia wa zamani wabia wote walikuwa kwenye hatari kwa kosa la mmoja, kwa hiyo mbia wa mji mwingine alikuwa na sababu ya kuuliza "jamani Houston mnafanya nini". Miaka ya 1990 makampuni makubwa ya ukaguzi yakahamia ubia wenye dhima ya kikomo, ambapo anayeharibu anabeba la kwake na wenzake mali zao binafsi ziko salama. Kuna sababu za haki za kufanya hivyo, mtu mmoja kufilisiwa kwa kosa la asiyemjua ni kitu kizito. Lakini naamini kitu fulani kilipotea pale, ule wasiwasi wa kuchungana. Umbo la biashara linabadilisha nani analala usingizi na nani anakesha, na anayekesha ndo anayeuliza maswali.

Kuna mtu mmoja aliuliza. Skilling alikuwa amekuwa mkurugenzi mtendaji Februari 2001 na tarehe 14 Agosti akajiuzulu ghafla, akasema sababu za kifamilia. Kesho yake Sherron Watkins, mhasibu, makamu wa rais pale Enron na aliyewahi kufanya kazi Andersen, akamwandikia Lay barua isiyo na jina akisema ana wasiwasi mkubwa kampuni italipuka kwa kashfa za hesabu, akazitaja Raptor. Baadaye akajitokeza, akakutana na Lay tarehe 22 akamweleza ana kwa ana. Lay akapeleka suala lichunguzwe na kampuni ileile ya mawakili iliyokuwa imefanya kazi kwenye baadhi ya hizo dili, tena kwa makubaliano kwamba wasirudie kuhoji uhasibu wenyewe. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Mawakili wakarudisha jibu Oktoba kwamba hakuna haja ya uchunguzi mpana zaidi. Na siku mbili tu baada ya kile kikao cha tarehe 22 mwanasheria mmoja wa nje alikuwa ameshawaandikia Enron kwamba sheria za Texas hazimlindi mfanyakazi wa kampuni anayetoa taarifa za namna hiyo. Mwenzao kaja na moto kiganjani anawaonyesha, wao wanaulizia uwezekano wa kumfukuza.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa kasi. Oktoba 16 wakatangaza hasara ya robo mwaka ya dola milioni 618 na kupunguza mtaji wa wenye hisa kwa bilioni 1.2. Novemba 8 wakarekebisha hesabu za kuanzia 1997, Chewco na JEDI zikarudi nyumbani, faida ya miaka hiyo ikapungua karibu milioni 600. Kampuni jirani ya Dynegy ikajitokeza kuinunua, Novemba 28 daraja la mikopo la Enron likashushwa mpaka kwenye kundi la takataka, Dynegy wakajitoa, hisa iliyowahi kufika dola 90 Agosti 2000 ikafunga siku chini ya dola 1. Desemba 2, 2001 wakaomba ufilisi, mali zilizoandikwa kwenye maombi zilikuwa zaidi ya bilioni 63, mkubwa kuliko wote Marekani mpaka wakati huo.

Walioumia zaidi walikuwa wafanyakazi, na hapa ule ukuta unaonekana upande mwingine. Mwenye hisa wa kawaida alipoteza alichoweka, na anaweza kuwa aliweka sehemu ndogo ya mali yake. Mfanyakazi wa Enron aliweka kazi yake, mshahara wake na uzee wake kapu moja, kwa sababu asilimia kama 60 ya mfuko wa kustaafu wa wafanyakazi ilikuwa hisa za Enron, na zile ambazo kampuni ilimchangia hakuruhusiwa kuziuza mpaka afike miaka 50. Septemba 26 Lay aliwaambia wafanyakazi kwamba kwa bei ile hisa ni za kununua, huku mwaka uleule yeye ameirudishia kampuni hisa za makumi ya mamilioni ya dola kulipia mikopo aliyochukua kwake. Mwishoni mwa Oktoba, bei inaporomoka, mfuko ukafungwa kwa wiki kama mbili kwa sababu ya kubadilisha msimamizi, mtu anaangalia namba inashuka na hawezi kubonyeza chochote.

Kwenye mjadala wa maadili wanafunzi hupenda kugombana kama kampuni ni ya wenye hisa au ya wadau wote. Swali zuri, ila kwa kisa hiki halihitajiki. Hata ukisema kampuni ni ya wenye hisa peke yao na mfanyakazi atajijua, Enron bado wameanguka mtihani, maana mwenye hisa ndo wa kwanza kudanganywa. Na wakijitetea kwamba kila dili ilikuwa na wanasheria, wahasibu na saini, hoja hiyo ina ukweli, dili nyingi zilipita kwa watu wa kuangalia kanuni na kila mmoja akathibitisha kipande chake. Hakuna aliyebeba swali la jumla: mtu akisoma hesabu hizi atajua kampuni inadaiwa kiasi gani? Ukijenga chombo kwa lengo kwamba msomaji asijue, kutimiza asilimia 3 hakukusafishi, na hawa hata hawakuitimiza.

Sheria zikaja. Julai 2002 Marekani ikapitisha ile ya Sarbanes-Oxley, mkurugenzi mtendaji na wa fedha wanathibitisha hesabu kwa saini zao, mkaguzi anazuiwa kazi nyingi za ushauri kwa anayemkagua, chombo kikaundwa cha kuwasimamia wakaguzi, na mtoa taarifa akapewa ulinzi. Kanuni ya asilimia 3 ikabadilishwa 2003. Fastow alikiri makosa 2004 akafungwa miaka 6. Skilling alihukumiwa 2006 zaidi ya miaka 24, baadaye ikapunguzwa kuwa 14, akatoka 2019. Lay alikutwa na hatia Mei 2006, akafariki Julai kabla ya kupewa adhabu, na kisheria hukumu yake ikafutwa.

Ila mimi nawaza zaidi wakurugenzi wa bodi. Januari 2005 wakurugenzi 10 wa zamani walikubali kulipa dola milioni 13 kutoka mifukoni mwao, kwenye maridhiano ya milioni 168 ambayo sehemu iliyobaki ililipwa na bima. Kwa maisha ya bodi hilo ni tukio la nadra sana, karibu siku zote ukuta na bima vinamaliza kila kitu, mkurugenzi anaondoka bila kuguswa.

Na Andersen? Mtihani wao haukuwa zile hesabu, ulikuwa karatasi. SEC ilipoanza kuuliza Oktoba 2001 ofisi ya Houston ikaanza kuchana nyaraka za Enron kwa kasi, wakaacha Novemba 9 baada ya kupokea hati ya SEC ya kudai nyaraka. Juni 2002 mahakama ikaikuta kampuni na hatia ya kuzuia haki, mwisho wa Agosti ikaacha kukagua makampuni ya soko la hisa. Mei 31, 2005 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, majaji wote 9, ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu wazee wa baraza, wale raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, walielekezwa vibaya, hawakuambiwa kwamba lazima waliochana wawe wanajua wanatenda kosa. Andersen ilikuwa na watu 28,000 Marekani kabla ya kesi. Siku hukumu inafutwa walikuwa wamebaki kama 200, wengi wao kazi yao kushughulikia kesi zilizobaki na kufunga ofisi.